Mashini haimaliziki kiwandani: historia ya pampu ya joto mu nyumba za watu



Weka mukono nyuma ya frigo yenye inatumika. Kuko moto, njo vile? Ndani baridi, nyuma moto. Wengi wetu tumeona ile kitu tangu utoto, na hatukujiuliza: ule moto unatoka wapi? Sehemu kubwa inatoka mule mule ndani. Mashini inakamata joto mu nyama na mu chupa za maji, inalitupa inje. Frigo haitengenezi baridi. Inahamisha joto.

Leo ninataka tuongee juu ya watu wenye waligeuza ile frigo: upande wa moto ukae ndani ya nyumba, upande wa baridi ukae inje, mu hewa, mu udongo ao mu maji ya muto. Inaitwa pampu ya joto. Kwetu Bukavu hatuihitaji kwa kupasha nyumba, blanketi inatosha. Lakini mambo yenye yalifikia wenye nyumba kule Ulaya na Marekani yako na somo kwetu sisi wenye tunatoka ku chuo na diploma mukononi. Mutaliona ku mwisho.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1852, mwanasayansi William Thomson, yule wenye waliita baadaye Lord Kelvin, alieleza kama mashini ya namna hii inaweza kupasha nyumba. Kati ya 1855 na 1857, Peter von Rittinger alijenga ya kwanza kule Ebensee, Austria, kwa kukausha chumvi. Mwaka 1938, muji wa Zürich mu Uswisi uliweka moja ndani ya jumba la muji. Ilitoa joto mu maji ya muto Limmat, ikachukua nafasi ya majiko ya kuni. Ilitumika mupaka 2001. Hesabu hiyo: miaka zaidi ya 60.

Sasa tuingie mu nyumba ya mutu wa kawaida. Kule Indianapolis, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1940, kulikuwa Robert Webber. Inasimuliwa kama siku moja alikuwa anajaribu mambo na konjelateri yake, akagusa tiyo ya kutokea, mukono ukaungua. Mwingine angelaani tu na kwenda. Yeye alijiuliza: juu ya nini ninatupa huu moto? Akaupitisha mu maji ya kuoga. Moto ukabakia mwingi, akauzungusha mu tiyo, akaweka kipepeo kidogo cha kusukuma hewa ya moto mu nyumba. Kisha akazika tiyo za shaba mu udongo, juu ule udongo wa chini haupoi sana hata wakati wa teluji. Mwaka wenye ulifuata akauza jiko lake la makaa. Kumbuka hii: Webber alikuwa mwenye nyumba, mwenye kutengeneza na mufundi, wote mutu mumoja. Kama kitu kiliharibika, alijua fasi ya kugusa.

Matatizo yalianza wakati wale watu watatu waliachana.

Mu miaka ya 1950 na 1960, makampuni ya Marekani yaliuza pampu nyingi. Mashini zilikuwa bado changa, kompresa zilikuwa zinakufa, na mafundi wengi walizifunga kama vile wanafunga klimatizeri ya kawaida. Watu wakachoka, wakarudia gazi na mazutu. Jina la ile mashini likachafuka kwa miaka.

Uswidi njo ilipata somo kali zaidi. Ni inchi ya baridi kali na haina petroli yake. Mwaka 1973 bei ya mafuta ilipanda ghafula, 1979 ikapanda tena. Serikali ikasaidia watu kununua pampu. Soko likafunguka, na kila mutu akataka kuwa muuzaji. Kulikuwa makampuni mazuri, kulikuwa pia wenye walifungua leo ili wauze kesho. Kisha katikati ya miaka ya 1980 musaada ukaisha, na mwaka 1986 bei ya mafuta ikaanguka. Soko likalala. Makampuni mengine yakafunga milango, na wenye nyumba wakabakia na mashini yenye hakuna mutu wa kuitengeneza. Fikiria uko na deni, inje ni teluji, na yule aliyekuuzia hayuko tena. Hata pampu iwe nzuri namna gani, jirani wenye wanaona vile hawatainunua.

Walitoka namna gani? Hawakuongeza tu pesa. Kati ya 1993 na 1995, shirika la serikali NUTEK lilifanya mashindano ya makampuni: leteni pampu yenye inatumia umeme kidogo kupita zile za sasa, na ya bei ndogo. Waliendelea kupima mashini na kufundisha mafundi. Uswisi vilevile, mwaka 1993, ilifungua kituo cha kupima pampu kule Töss, mu muji wa Winterthur. Mwenye nyumba sasa angeweza kujua namba ya kweli, haiko maneno ya muuzaji peke yake. Leo, zaidi ya nusu ya nyumba za familia moja mu Uswidi ziko na pampu ya joto. Baridi ni ile ile. Chenye kilibadilika ni mashini, fundisho na imani.

Mutu atauliza: inje kuko barafu, joto linatoka wapi? Hata hewa ya baridi iko na joto ndani yake. Pampu zingine za sasa zinatumia propane, gazi ya namna ya ile ya kupikia. Ile inachemuka kwa digrii 42 chini ya sufuri. Kwake, hewa ya digrii 10 chini ya sufuri ni kama jiko! Inachemuka, kompresa inaikamua, moto unapanda, unaingia mu nyumba. Kama imefungwa vizuri, unalipa umeme sehemu moja, unapata joto sehemu tatu ao zaidi.

Ile "kama imefungwa vizuri" njo penye historia nzima inasimama. Uingereza, shirika la Energy Saving Trust lilipima pampu mu nyumba 83 za watu, likatoa matokeo mwaka 2010. Nyumba zingine zilipata tatu kwa moja. Zingine hazikufika hata mbili. Sababu? Mara nyingi ilikuwa kipimo cha mashini hakifai nyumba, ao tiyo zimefungwa vibaya. Na wenye nyumba wengi hawakuelewa vitufe vya kuiongoza. Mutu aliyezoea jiko la gazi anagusa radiateri ya pampu, anasikia ni vuguvugu tu, anasema imeharibika. Kumbe pampu inapenda moto mudogo wa siku nzima. Akiizima usiku na kuiamsha asubuhi ili apate moto mukali mara moja, mara nyingi umeme wa musaada ndio unawaka, na faktire inamushangaza. Baadaye mafundi walirudi mu sehemu ya zile nyumba, wakarekebisha, na nyingi zikafanya vizuri kupita zamani.

Sasa turudi kwetu. Wakati wa staji yangu nilikuta kikundi cha wakulima wenye walipewa pampu ya maji ya jua. Mafundi walikuja siku moja, wakafunga, wakapiga picha, wakaenda. Nilipofika ilikuwa imesimama miezi mitatu, na wamama walikuwa wanabeba maji na bidoni. Muzee mumoja aliniambia: "Mutoto wangu, hii ya jua ni ya kudanganya." Tuliifungua pamoja. Kichujio kilikuwa kimejaa muchanga. Tukakiosha, maji yakatoka. Hakuna mutu aliyemuonyesha yule muzee kama kuko kichujio.

Alikuwa kama yule mama wa Uingereza mbele ya radiateri vuguvugu. Tunapenda kusema "watu wanakataa maendeleo". Hapana. Watu wanakataa kitu chenye kimewaacha peke yao.

Wengi wetu tutaishi kwa kupeleka vitu mu nyumba na mashamba ya watu: mbegu, mashini, sola. Siku ya kufunga haiko mwisho wa kazi. Uswidi ilipoteza karibu miaka kumi kwa kusahau lile. Sisi hatuko na miaka kumi ya kupoteza.

Kwa hiyo ulizo langu kwako, ndugu, dada: kile kitu cha mwisho ulichofunga kwa mutu, ulirudi kukiangalia?