Msuli wa Nyuma ya Paja

Kabla hatujaanza, kila mmoja wenu ashike nyuma ya paja lake. Hapo pana misuli mitatu, itokayo kwenye mfupa wa kukalia hadi chini ya goti. Hukunja goti, tena huuzuia mguu uliorushwa mbele usipitilize. Ndiyo maana huchanika hasa mtu akikimbia kwa kasi.

Mwaka 1992 mjini Barcelona, Mwingereza Derek Redmond alikuwa katika nusu fainali ya mita 400 ya Olimpiki. Msuli huo ukachanika njiani. Akainuka, akaendelea kwa kuchechemea, analia. Baba yake akatoka jukwaani, akawapita walinzi, akamshika, wakafika mwisho pamoja. Watu husifu ushujaa wake. Sisi leo tuulize: msuli kama huo hutibiwaje?

Siku zile jibu lilikuwa moja. Daktari wa Marekani, Gabe Mirkin, alikuwa ameandika mwaka 1978 mambo manne: pumzika, weka barafu, funga kitambaa, inua mguu. Walimu wa michezo wakayashika kama sala. Lakini mwaka 2014 Mirkin mwenyewe alikiri kwamba barafu, ijapokuwa hutuliza maumivu, yaweza kuchelewesha kupona. Kwani ubaridi hubana mishipa, nayo damu ndiyo iletayo matengenezo. Namsifu. Si wengi wakanao neno lililowapa jina.

Na kupumzika je? Mwaka 2013 ilitoka habari ya wachezaji 75 wa kandanda huko Sweden, walioumia hivyo. Siku tano baada ya kuumia walianza mazoezi, wote. Kundi moja lilifanya mazoezi ya kawaida. Lingine lilitumikisha msuli huku unarefuka. Kundi la kawaida lilirudi uwanjani kwa wastani wa siku 51, lile lingine siku 28.

Pana na kinga. Piga magoti, mwenzako akushike vifundo vya miguu, kisha ujishushe mbele polepole, ukijizuia kwa mapaja mpaka mikono iguse chini. Huko Denmark zoezi hili lilijaribiwa kwa timu 50, na matokeo yakatolewa mwaka 2011: waliolifanya, waliumia mara 15, wasiolifanya, ambao idadi yao ilikaribia kuwa sawa, mara 52.

Lakini ukisikia mlio karibu na kalio, na paja likavilia damu, usijaribu zoezi lolote. Nenda hospitali. Huenda kano imeng'oka mfupani, na hiyo pengine hurudishwa kwa kushonwa.