Waya Uliorudi Angani

Tangu watu walipoanza kuunda ndege kwa mikono yao wenyewe, ziwe za mfano au za kupandwa na mtu, hasimu wao mkubwa amekuwa ni uzito, na katika kushindana naye wamejaribu vitu vya kila namna: mianzi, hariri, mbao za balsa ziletwazo kutoka Ekwado, karatasi, mabomba ya alumini, na katika zama zetu nyuzi za kaboni. Historia hiyo aghalabu husimuliwa kana kwamba kila kitu kipya kilikiondosha cha zamani kisirudi tena. Walakini kipo kimoja kilichofukuzwa angani kikaja kurejeshwa kwa heshima, nacho ni waya wa chuma.

Waya uliingia katika ndege ukitokea kwenye madaraja. Octave Chanute, mhandisi aliyejenga madaraja ya reli huko Marekani, aliunda mwaka 1896 ndege isiyo na injini, yenye mabawa mawili yaliyopangwa moja juu ya jingine, na baina yake akasimamisha vijiti alivyovikaza kwa nyaya za mshazari kama afanyavyo fundi wa daraja. Ndugu wawili, Wilbur na Orville Wright, waliirithi kanuni hiyo, na tarehe 17 Desemba 1903, huko Kitty Hawk, ndege yao ya mbao nyepesi na kitambaa cha pamba ikakaa hewani kwa sekunde 12. Ufito mwembamba ukiachwa peke yake hupindika, kisha huvunjika. Lakini ukishikwa kwa waya kila upande, hubakiwa na kazi moja tu ya kuhimili msukumo, ilhali mvuto wote huchukuliwa na waya, ambao katika kazi hiyo hauna mfano kwa wepesi. Fauka ya hayo, akina Wright walizitumia nyaya kuyasokota mabawa ili ndege igeuke.

Ndege zilipozidi mbio, nyaya hizo ziligeuka kuwa mzigo, kwa maana mwendo ukiongezeka mara mbili, upinzani wa hewa huongezeka mara nne. Mwaka 1915 Hugo Junkers wa Ujerumani akarusha ndege ya chuma yenye mabawa yanayojishikilia pasipo waya hata mmoja wa nje, na tangu hapo waya ukaanza kuhesabiwa kuwa alama ya ukale.

Mlango wa kurudi kwake ulianza kufunguka mwaka 1959, pale Henry Kremer, tajiri wa viwanda nchini Uingereza, alipotoa zawadi ya pauni 5,000 kwa ndege itakayokwenda kwa nguvu za mwanadamu peke yake na kuzizunguka, kwa umbo la tarakimu nane, nguzo mbili zilizoachana kwa nusu maili. Wanafunzi wa Southampton waliondoka ardhini mwaka 1961, na wengine wakawafuata kwa ndege za kupendeza mno, zenye mabawa marefu ya balsa yaliyolainishwa kwa subira kubwa; lakini zawadi ilipanda hata ikafika pauni 50,000 pasipo kupata mwenyewe. Tusiwadhulumu mafundi wale, kwani ustadi walikuwa nao tele. Lililowaponza, naona mimi, ni kuwa ndege iliyoundwa kwa miezi mingi, ikianguka mara moja tu, hukaa karakanani miezi mingine, na rubani wake hana pa kujifunzia.

Mwaka 1976 Paul MacCready, Mmarekani aliyekuwa bingwa wa ndege za mfano tangu utotoni, alikuwa akiwaza jinsi ya kulipa deni la dola zipatazo 100,000, lililomwangukia kwa kumdhamini jamaa yake, alipokumbuka kwamba pauni 50,000 zilikaribia kabisa kiasi hicho. Hisabu yake ilikuwa hii: upana wa mabawa ukizidishwa mara tatu kila upande, na uzito usiongezeke, mwendo hushuka hadi theluthi, na nguvu inayotakiwa nayo hushuka hadi theluthi, yaani kiasi ambacho miguu ya mwendesha baiskeli hodari inaweza kukitoa. Bawa kubwa hivyo lisilo na uzito haliwezekani ila kwa waya. Na katika mwendo wa takriban kilomita 17 kwa saa, upinzani wa nyaya si kitu mbele ya uzito unaookolewa.

Basi akaunda Gossamer Condor: mabomba membamba ya alumini, na nguzo katikati ambayo kwayo nyaya zilitawanyika juu na chini kulishika bawa la mita 29, kama kamba zinavyoushika mlingoti wa jahazi. Ukingo wa mbele wa bawa ulikuwa wa kadibodi, na juu ya fito ikatandazwa plastiki angavu, ikagandishwa kwa utepe wenye gundi pande mbili na kukazwa kwa hewa ya moto. Uzito wote, bila rubani, ulikuwa kilo 32. Ilianguka mara nyingi, na kila ilipoanguka mafundi waliunga bomba, wakabandika utepe, wakakaza waya, na punde si punde ikawa tayari kuruka tena. Kugeuka ndiko kulikowatesa zaidi, hata wakarudi kwenye nyaya za kusokota mabawa za akina Wright, ila wakazivuta kinyume: bawa la ndani ya kona ndilo lililoinuliwa uso wake ili lipate upinzani zaidi na kuigeuza ndege. Tarehe 23 Agosti 1977, huko Shafter, California, Bryan Allen alipiga pedeli kwa dakika saba na ushei, akaizunguka njia yote.

Kremer akatoa pauni 100,000 kwa atakayevuka bahari kutoka Uingereza hadi Ufaransa. Katika Gossamer Albatross nafasi ya alumini ilichukuliwa na mabomba ya nyuzi za kaboni, nyaya zikabaki. Na tarehe 12 Juni 1979 Allen alivuka kwa saa 2 na dakika 49, ingawa upepo ulimkabili, maji ya kunywa yalimwishia na redio ilikatika asiweze kujibu. Miaka miwili baadaye, tarehe 7 Julai 1981, MacCready aliupa waya kazi nyingine kabisa: katika Solar Challenger ulipeleka umeme kwenye mota kutoka vipande 16,128 vya kunasia mwanga wa jua, pasipo betri ya kuiendesha, na ndege hiyo, ikiwa na rubani ndani yake, ikasafiri kilomita 262 kutoka viungani mwa Paris hadi Manston, Uingereza.