Chembe Moja Moja: Historia ya Uchunguzi wa Damu kati ya Tororo na Masafu

Historia ya tiba katika Afrika Mashariki kwa kawaida huandikwa kwa majina ya hospitali, ya maradhi na ya madaktari. Makala haya yanaifuata kwa kipimo kidogo zaidi, yaani chembe hai moja ya damu. Eneo la mpaka wa Uganda na Kenya, kuanzia mji wa Tororo hadi Masafu katika Wilaya ya Busia, lina historia ndefu ya damu iliyotolewa, ikatazamwa, ikagandishwa na kusafirishwa. Ndani ya historia hiyo kuna swali linalorudi kila kizazi: hesabu ya jumla inaficha nini?

Swali hilo lilianza na hadubini. Ugonjwa wa malale ulipozuka kwenye ufuko wa kaskazini wa Ziwa Viktoria mwanzoni mwa karne ya 20, uliua watu wanaokadiriwa kuzidi 200,000 nchini Uganda, hasa Busoga. Mwaka 1902, huko Entebbe, Aldo Castellani aliona vimelea aina ya tripanosoma katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa. Hadubini ilimwonyesha kimelea kimoja kikijipinda, lakini haikuweza kumwambia kimelea hicho kilikuwa kikifanya nini ambacho jirani yake hakufanya. Kwa miongo mingi iliyofuata, watafiti walihesabu vimelea bila kuvitofautisha.

Tororo iliingia katika habari hii kupitia Shirika la Utafiti wa Tripanosomiasi la Afrika Mashariki, lililojulikana kwa ufupisho EATRO. Shirika hilo lilihudumia nchi zote tatu hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977. Wataalamu wake walikusanya vimelea kutoka kwa watu, ng'ombe na wanyamapori, wakavigandisha na kuvipa namba. Kimojawapo, EATRO 1125, kilitolewa kwa mbawala nchini Uganda mwaka 1966. Ukoo wake haumuuguzi binadamu, lakini ni ndugu wa karibu wa vimelea viletavyo malale, na kwa sababu hiyo umesambaa katika maabara nyingi za Ulaya na Marekani.

Tripanosoma ni mfano mzuri wa jambo ambalo wastani hauwezi kulieleza. Kila kimelea huvaa koti la protini ya aina moja tu kwa wakati mmoja, ijapokuwa jeni zake zina akiba ya zaidi ya aina elfu moja. Kinga ya mwili inapolitambua koti moja, vimelea vichache vilivyokwisha kulibadili hunusurika na kuzaana. Ukivisaga vimelea milioni pamoja, utaona makoti mengi wala hutajua nani kavaa lipi. Ni sawa na kusaga pishi la maharagwe mchanganyiko kisha kuutafuta ule mmoja uliooza ndani ya unga.

Njia ya kutosaga ilichelewa kupatikana. Mwaka 2009 watafiti walifaulu kusoma RNA ya chembe moja ya panya, yaani nakala za jeni zinazotumika ndani yake kwa wakati huo. Mwaka 2015 zikaja mbinu za kuifungia kila chembe ndani ya tone dogo lenye alama yake ya utambulisho, hivyo maelfu ya chembe yakasomwa kwa mara moja bila kupoteza asili ya kila moja. Mwaka 2021, kikundi cha watafiti nchini Uskoti kilitumia mbinu hiyo kufuatilia jinsi tripanosoma wembamba wanavyogeuka kuwa wafupi walio tayari kuchukuliwa na mbung'o. Vimelea walivyovisoma vilikuwa wa ukoo wa EATRO 1125. Wengi wanaolitamka jina hilo leo hawana habari kwamba ndani yake umo mji wa Tororo.

Malaria ndiyo iliyoleta mbinu hii kwa wakazi wenyewe. Katika miaka ya 2001 na 2002, mkazi wa Tororo alikadiriwa kung'atwa mara 562 kwa mwaka na mbu wenye vimelea. Watoto waliugua tena na tena. Kisha, kadiri walivyokua, wengi walibeba vimelea bila homa. Watafiti wa Uganda na wenzao wa Marekani waliwafuata watoto hao kwa miaka mingi. Mwaka 2014 walieleza kwamba aina moja ya chembe za kinga, chembe T za gama-delta, hupungua na kupoa kwa watoto waliougua mara nyingi, na kwamba upungufu huo unaambatana na kubeba vimelea bila dalili. Uchunguzi wa chembe moja moja umeongeza jambo ambalo hesabu ya kikundi isingeliona: chembe T zinazozuia kinga isipite kiasi zinaweza kutambuliwa ukoo kwa ukoo, na koo zilezile hurudi maambukizi yanaporudi, zikiwa na tabia ileile.

Masafu inatoa funzo la upande wa pili. Mwaka 2016 na 2017, wajawazito 782 wa Wilaya ya Busia walishiriki jaribio la kulinganisha dawa mbili za kukinga malaria. Dawa mpya ilipunguza sana malaria ya mama, lakini jumla ya matokeo mabaya ya uzazi haikutofautiana sana. Jibu la namna hiyo hulazimisha kuuliza ni mama yupi aliyefaidika, na ndani ya mwili wake kilibadilika nini. Mtambo pekee haujibu. Matone elfu kumi yenye alama hayana maana bila daftari la kliniki linaloonyesha mtoto fulani aliugua lini, na daftari hilo ni kazi ya wauguzi na wahudumu wa vijijini, ambao historia za sayansi huwapita haraka mno.

Kuna pia suala la lugha. Kiswahili kina maneno mawili, seli na chembe. Vitabu vya shule hupenda la kwanza. Lakini kwa mtu wa mji wa Busia, seli ni kwanza chumba cha polisi. Chembe humkumbusha nafaka, kitu kinachohesabika na kuokotwa kimoja kimoja, na kwa mada hii ndilo neno bora. Uchaguzi huu si wa wanakamusi peke yao. Mama anayezungumza Lusamia, Kidhopadhola au Kiteso, na kutumia Kiswahili sokoni, huombwa idhini ili damu ya mwanawe ihifadhiwe kwa tafiti za baadaye. Damu iliyogandishwa kabla ya mwaka 2009 ilihifadhiwa wakati ambapo hakuna aliyeweza kumwonyesha mama mtambo wa kuisoma chembe moja moja, kwa kuwa haukuwapo.

Mbawala wa mwaka 1966 hakuulizwa. Watoto wa Tororo walioandikishwa wakiwa wachanga mwaka 2007 wamefikia miaka 18, umri wa kuulizwa wenyewe.