Picha Isiyo na Mtu

Hebu niungame kwanza, ndugu msomaji. Mimi ni mtoto wa Newala, na siku ya kwanza kufika Mikindani na kamera ya kuazima, nilipiga bahari tu. Nilipiga minazi, mawingu, na mashua zilizolala ubavu maji yalipokupwa. Mtu akikatiza mbele, nasubiri apite. Nilitaka ufukwe safi, kama wa kalenda.

Nikazisafisha picha Masasi, nikampelekea bibi. Akazitazama moja moja, kisha akauliza, "Mjukuu wangu, watu wako wapi?"

"Bibi, hizi ni picha za bahari."

"Bahari nimeiona. Nauliza watu."

Swali lile lilinikosesha usingizi. Maana bibi alilelewa na wazee waliomwambia kwamba zamani pwani hapakuwa pa kuchezea. Karne ya 19 misafara ya watumwa ilishuka kutoka pande za Ziwa Nyasa hadi Kilwa, Lindi na Mikindani. Wamakonde wengi wakajichimbia kwenye vichaka vizito vya huku juu, ambako maji ni ya shida. Afadhali kutembea mbali na mtungi kichwani kuliko kutembea na mnyororo shingoni. Livingstone alishukia Mikindani mwaka 1866, na ipo nyumba pale yenye kibao cha kumkumbuka. Na wale waliopakiwa majahazini, majina yao nani anayajua?

Mwaka 1873 Sultani Barghash alifunga soko la watumwa la Unguja. Miaka mitatu baadaye, Askofu Steere akashuka Lindi na watu waliokombolewa utumwani, wakapanda kwa miguu mpaka Masasi, wakajenga kijiji cha misheni. Kumbe hata Masasi, nilikomalizia kidato cha nne, ina historia ya watu waliorudi bara kupitia ufukwe uleule.

Halafu ikaja kamera. Mwaka 1906, moto wa Maji Maji haujapoa, Mjerumani Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alitua Lindi, akafika Masasi, akapanda Newala. Alikuwa na kamera, mashine ya kunasia sauti, hata kamera ya sinema. Akapiga picha wazee, ngoma za unyago, akina mama wenye ndonya mdomoni. Mwaka 1908 akatoa kitabu. Sura za watu wetu zikashushwa pwani, zikavuka bahari, zikaenda Ulaya. Wenye sura wakabaki huku wakilima muhogo.

Sasa nijilinganishe naye. Yeye aliwachukua watu akaondoka nao. Mimi niliwafukuza watu nikabaki na mchanga. Nani kati yetu mwenye nafuu?

Basi nikarudi Mikindani. Maji yamekupwa, mama mmoja anaokota kombe. Safari hii nikamwamkia, nikamweleza shida yangu. Akacheka, akajifunga kanga vizuri, akasema, "Haya, piga, lakini na mimi uniletee yangu." Nikasafisha mbili. Moja nilimrudishia mwenyewe. Nyingine, yenye jina lake nyuma, iko kwenye sanduku la bibi, Newala.

Nasi tunaotaka kuandika, tukishuka pwani, tuulize kwanza: hapa alipita nani? Minazi haina haraka, itatungoja.