Vikope
Neno vikope, yaani trakoma, limetokana na kope, ambalo kwa Kiswahili ni ngozi ifunikayo jicho na pia nywele za ukingoni mwake, na utata huo, kwa bahati njema, unaueleza ugonjwa wenyewe: bakteria wanaoenezwa na mikono, nguo na nzi huacha makovu ndani ya ngozi hiyo, nayo hujikunja hadi nywele zikaikwaruza konea, utando angavu wa mbele ya jicho. Sericho, katika kaunti ya Isiolo ambako vikope vimezoeleka, ni nchi kame ya wafugaji, na maji ya kunawia uso hushindana na kiu ya mifugo. Mpimaji wa vikope hupindua kope ya juu, akatafuta vijipele vyeupe vya nusu milimita au zaidi, vitano vinatosha kuonyesha ugonjwa.