Mashine ya TIG kwa karakana ya nyumbani: angalia haya kabla ya kununua

Pale Uyole, barabara ya Zambia inapoachana na ile ya Tukuyu, kazi nyingi za fundi wa kuchomelea ni mageti, grili za madirisha, mikokoteni na plau. Kazi hizo mashine ya kawaida ya elektrodi inazimaliza. Lakini siku hizi mafundi wengi wanaitaka mashine ya TIG, na bei yake si ya mchezo. Makala haya yanaeleza ni nani anaihitaji, na aangalie nini ili fedha yake isilale kwenye mashine isiyofanya kazi.

TIG inafanyaje kazi?

Kwenye mashine ya kawaida, elektrodi yenyewe huyeyuka na kuwa sehemu ya kiungo. Kwenye TIG, moto hutoka kwenye sindano ya madini ya tangsteni ambayo haiyeyuki. Gesi ya agoni hutoka kuizunguka na kuzuia hewa isiguse chuma kilichoyeyuka. Fundi hushika tochi ya kuchomelea kwa mkono mmoja na kuongeza waya wa kujazia kwa mkono mwingine.

Kiungo hutoka safi, bila magamba wala cheche. Lakini kazi huenda polepole, na chuma lazima kiwe kisafi kabisa: kutu, rangi na mafuta huharibu kiungo.

Anza na kazi ulizonazo

TIG inalipa kwenye vitu vyembamba na vya stenlesi au alumini: keni na matenki ya maziwa, masinki, vyombo vya hoteli, rejeta na mabomba. Kwenye ukanda wetu wa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, kazi hizo zipo. Kama wateja wako wote ni wa mageti, baki na elektrodi.

Kisha jua unachochomelea ni nini. Stenlesi na alumini zote hung'aa, na mara nyingi sumaku hainasi. Zipime kwa uzito: alumini ina karibu theluthi moja tu ya uzito wa chuma. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua mashine ya kununua:

- Mashine ya DC pekee huchomelea chuma cha kawaida na stenlesi.
- Mashine ya AC/DC huchomelea hizo pamoja na alumini. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi joto 660, lakini utando wa juu yake huyeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 2,000. Umeme wa AC ndio unaouvunja utando huo.

Mashine ya AC/DC ni ghali zaidi. Usiilipie kama kazi za alumini huzipati. Na ukiambiwa mashine ya DC "inachoma kila kitu", usikubali mpaka uone ikichomelea alumini mbele yako.

Gesi kwanza, mashine baadaye

Hapa ndipo wengi hukwama. TIG bila agoni haifanyi kazi. Kabla ya kulipia mashine, ulizia mtungi unajazwa wapi, kwa bei gani, na usafiri ni kiasi gani.

Wengine hudhani gesi ya kaboni daioksaidi, ambayo kampuni ya TOL Gases huivuna kutoka ardhini wilayani Rungwe, inaweza kutumika badala yake. Haiwezi. Gesi hiyo hutumika kwenye mashine za MIG za chuma cha kawaida. Kwenye TIG huunguza sindano na kuharibu kiungo. Nunua agoni tupu, isiyochanganywa.

Piga hesabu ya matumizi. TIG hutumia takriban lita 8 za gesi kwa dakika. Mtungi mdogo wa lita 10 uliojazwa kwa shinikizo la baa 150 hutoa lita 1,500 hivi, yaani saa 3 za moto. Weka gharama hiyo kwenye bei unayomtajia mteja. Na chomelea mahali palipokingwa na upepo, kwa sababu upepo hupeperusha gesi.

Umeme wako unatosha?

Umeme wa kawaida wa nyumbani ni volti 230, lakini vijijini jioni hushuka. Soma kibandiko cha mashine uone inakubali volti za chini kiasi gani.

Kwa jenereta, kumbuka Uyole ipo takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na injini hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300. Jenereta iliyoandikwa 5 kVA hutoa karibu 4 tu.

Soma kibandiko

- Ampea. Kadiria ampea 30 hadi 40 kwa kila milimita ya unene. Mashine ya ampea 160 hadi 200 inatosha karakana ya nyumbani. Kwa bati jembamba, iweze kushuka hadi ampea 10.
- Muda wa kazi. Asilimia 60 maana yake ni dakika 6 za kuchomelea na 4 za kupumzika. Angalia ni kwa ampea ngapi. 200 kwa asilimia 20 ni dakika 2 tu.
- Kuwasha moto bila kugusa chuma. Hulinda sindano isichafuke.
- Sehemu ya elektrodi. Mashine nyingi za TIG zinayo. Mageti utaendelea kuyafanya kwa mashine hiyohiyo.

Tenga pia fedha ya mtungi, regyuleta, sindano, waya wa kujazia (ER308L kwa stenlesi ya kawaida) na kofia ya kioo namba 10 hadi 12. Brashi ya stenlesi isitumike kwenye chuma cha kawaida, la sivyo kiungo kitashika kutu.

Usalama

Usisafishe chuma kwa dawa ya breki yenye klorini. Ikipata moto wa kuchomelea hutoa gesi ya sumu inayoua. Agoni haina harufu na hufukuza hewa, hivyo usiingie kwenye tenki ulilolijaza gesi hiyo. Mtungi ufungwe kwa mnyororo usimame wima.

Kwa keni ya maziwa, pitisha agoni upande wa ndani pia wakati wa kuchomelea. Usipofanya hivyo, ndani hubaki makovu yaliyoungua, maziwa huganda humo na kuchacha, na mfugaji hukataliwa maziwa yake.

Kama hujawahi kushika TIG, ulizia mafunzo kwenye chuo cha VETA Mbeya kabla ya kununua. Ukishaijaribu kwa mkono wako, utajua kama kazi zako zinaihitaji kweli.