Houston ilimchukua Mutombo akiwa na miaka 38. Ilikosea?

Bandugu wa chama, mwezi uliopita nilisema neno baya kwenye tereni ya basketi ya mtaa wetu hapa Bukavu. Ekipe ilikuwa imebakia na nafasi moja tu, na pesa ya mchezaji mmoja. Wengine walitaka tumrudishe pivo wetu wa zamani, papa mmoja wa miaka 38 ambaye anafundisha shule ya msingi. Wengine, na mimi ndani yao, walimtaka kijana wa miaka 19 ambaye bado hajui kusimama vizuri chini ya kikapu lakini anaruka kama paa. Nikasimama nikasema: "Ule papa magoti yake imeisha. Aende alee batoto yake, atuachie nafasi." Kumbe alikuwa nyuma yangu. Hakujibu. Alifungua viatu, akavaa sandali zake, akaenda.

Jioni yaya yangu alinisikiliza nikimwelezea, akaniuliza swali moja tu: "Na Mutombo je?"

Nilikosa jibu. Njo maana nimerudi kusoma historia ile vizuri, na leo naiandika hapa.

Dikembe Mutombo alizaliwa Kinshasa mwaka 1966. Alienda Marekani mwaka 1987 kusoma Georgetown, akiwa na ndoto ya kuwa munganga. Kocha John Thompson alimwona urefu wake, akamtia kwenye basketi. Mwaka 1991 Denver ilimchagua nafasi ya 4. Mwaka 1994 Denver, ekipe ya nane upande wake, ilitoa Seattle iliyokuwa ya kwanza. Jambo lile halikuwa limetokea hata siku moja katika NBA. Wengi wetu tunajua picha ile: Mutombo amelala chini, ameshika mpira juu ya kichwa, anacheka kama mtoto. Mara nne alipewa tuzo ya mlinzi bora wa mwaka: 1995, 1997, 1998 na 2001. Mwaka 2001, akiwa na Philadelphia, alifika fainali na kupambana na Shaquille O'Neal wa Lakers.

Kisha mwili ukaanza kudai deni lake. Sezoni ya 2002-03 alikuwa New Jersey, akaumia mkono, akacheza mechi 24 tu katika 82. New Jersey ikamlipa aende zake. Akaenda New York mwaka mmoja. Katika kiangazi cha 2004 New York ikampeleka Chicago, na Chicago, ambayo ilikuwa inajenga na vijana, haikumvalisha hata jezi ya mechi moja. Ilimtoa kwa Houston na kupokea wachezaji watatu wa kawaida: Eric Piatkowski, Adrian Griffin na Mike Wilks. Ukimtazama wakati ule, ni mtu ambaye ekipe zinapokezana kama mzigo. Alikuwa na miaka 38, sawasawa na papa wetu.

Sasa, Houston ilikuwa inanunua nini? Hapa njo kuna somo, na mimi nilikuwa silijui. Houston ilikuwa tayari na pivo wake: Yao Ming, Mchina wa mita 2 na sentimita 29, miaka 24. Kiangazi kile kile ilikuwa imempata Tracy McGrady wa kufunga vikapu. Haikumtafuta Mutombo aje kuwa nyota. Ilimtafuta aje kushika dakika ambazo Yao anapumzika, na kumfundisha Yao kazi ya ulinzi kila siku mazoezini. Sezoni ile ya kwanza alicheza mechi 80, karibu dakika 15 kwa mechi, akashika rebo zaidi ya 5 kila mara. Kazi ndogo, lakini hakuikosa. Houston ilishinda mechi 51.

Mwezi wa 12 mwaka 2006 Yao alivunjika mguu. Papa akatoka kwenye benchi, akaingia kuanza mechi. Tarehe 10 mwezi wa 1 mwaka 2007 alimpita Kareem Abdul-Jabbar na kuwa wa pili katika historia ya NBA kwa kuzuia mipira, nyuma ya Hakeem Olajuwon wa Nigeria. Mwezi wa 3, mbele ya Denver iliyomlea, alishika rebo 22 katika mechi moja. Alikuwa na miaka 40. Hakuna mchezaji wa umri ule aliyekuwa amewahi kupita rebo 20. Na katika miezi ile ile alikuwa anamalizia hospitali ya Kinshasa yenye jina la mama yake, Biamba Marie Mutombo.

Lakini mwaka 2008 njo jibu kubwa la yaya yangu. Houston ilikuwa imeshinda mechi 12 mfululizo wakati ilitangazwa, tarehe 26 mwezi wa 2, kwamba mfupa wa mguu wa Yao umepasuka na sezoni yake imeisha. Watu wengi walisema basi, imekufa. Kocha Rick Adelman akamweka Mutombo, miaka 41, katikati. Houston ikashinda mechi zingine 10. Ilifika 22 mfululizo, mbele yake ikabakia tu Lakers ya 1972 yenye 33. Ni Boston iliyoikata, tarehe 18 mwezi wa 3.

Ningeishia hapa, ningekuwa nawadanganya bandugu zangu. Historia ina upande wa pili.

Mwaka 2005, 2007 na 2008 Houston ilitolewa katika duru ya kwanza ya mtoano, mara zote tatu. Mzee aliwasaidia kushinda mechi nyingi, hakuwapa kombe. Mwezi wa 4 mwaka 2009, katika mechi ya pili dhidi ya Portland, goti lake likakatika. Walimtoa tereni akiwa na miaka 42, na hakurudi tena. Duru iliyofuata Yao naye akaumia mbele ya Lakers. Ekipe ikabakia bila mrefu hata mmoja. Ikamweka Chuck Hayes, kijana wa mita 1 na sentimita 98 tu, katikati, na bado ikawapeleka Lakers mpaka mechi ya 7. Lakers ile njo ilichukua kombe mwaka ule. Kwa hiyo anayesema "wapeni vijana dakika, mutaona" naye ana ushahidi wake.

Tena kuna Boston. Mwaka 2010 ilimsajili Shaq akiwa na miaka 38, maana pivo wake kijana, Kendrick Perkins, alikuwa anauguza goti. Mpaka pale, sawa. Lakini mwezi wa 2 mwaka 2011 Boston ikamtoa Perkins, miaka 26, ikaegemea wazee. Shaq akaumia, akamaliza na mechi 37 tu, na Miami ikawatoa katika duru ya pili. Houston ilikuwa imemweka mzee nyuma ya kijana. Boston ilimwondoa kijana ili mzee abebe ukuta. Kwangu, tofauti yote iko pale.

Nilisoma agronomi, basi niruhusuni mfano mmoja tu. Kahawa ikizeeka hapa Kivu, mkulima mwenye akili haing'oi yote. Anaikata shina chini, karibu na udongo, na mizizi ile ya zamani inalisha machipukizi mapya. Tena hakati shamba zima mwaka mmoja, asije akakosa mavuno. Lakini akiliacha shina la zamani lisimame vile lilivyo, machipukizi hayapati jua.

Naandika hivi kwa sababu sisi wenye lisansi tuko nyumbani na diplome zetu, tunalalamika kwamba wazee hawatoki kwenye kazi. Tuna haki. Mzee ambaye anashika kiti chote, hafundishi mtu, na hatoki kwa kuwa anaogopa pensheni haitafika, yule hafanani na Mutombo. Mutombo, nyota wa mara nane wa NBA, alikubali dakika 15 nyuma ya kijana. Wazee wangapi wanakubali vile? Na sisi je, wangapi tunakubali kusimamishwa na kuambiwa "mguu wako weka hapa"? Mimi sikukubali. Nilimtukana mtu ambaye sikuwa nimemuuliza hata anataka nini.

Siku ya posho nilienda kwake kuomba msamaha. Alinipa kiti, mke wake akaleta chai. Akaniambia: "Mwanangu, mimi sikuombaka dakika makumi ine. Niliomba kumi, na ule kijana aje mazoezini saa moja mbele ya wengine."

Komite inakaa siku ya yenga. Nitapiga kura achukuliwe, kwa sharti kijana naye asiachwe: pesa ya nafasi iende kwa kijana, papa tumlipie transport tu. Amekubali. Bakubwa wengine wa komite bado wanasema magoti, magoti. Nimewaambia mimi pia nilisema vile.